Muuguzi Aliyekataa Mkono Wangu

Mwl. Kassian Ligazio (Mstaafu),
Njia ya Mlimba, jirani na Mchombe.
Ijumaa, 19 Juni 1998

Kwa Mratibu,
Semina ya Kujiandaa na Janga la Mafua,
Ifakara.

Ndugu Mratibu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MUUGUZI DATIVA

Kwanza pokea salamu zangu, ambazo nakutumia kwa karatasi kwa sababu ya umbali wa barabara na si kwa sababu nakuogopa. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Najua watu wa ofisini husoma barua kwa haraka, wakianzia mwisho. Hii nakuomba uisome kutoka juu. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na sikuwahi kumwona mwanafunzi aliyeelewa hesabu za kugawanya kwa kuanzia kwenye jibu.

Kama unavyojua, Jumatatu hii mkufunzi wako, Bwana Lukelo, alifika katika zahanati ya kijiji chetu na kuwakusanya waganga na wauguzi kumi kutoka vijiji vya njia hii. Alitueleza kwamba mwaka jana, huko Hong Kong, watu kadhaa waliugua homa iliyotoka kwa kuku, wengine wakafa, na kwamba siku moja homa ya namna hiyo inaweza kuizunguka dunia nzima kwa njia ya kikohozi na mikono. Kwa hiyo mganga ajifunze mapema namna ya kumpokea mgonjwa wake bila kuugua yeye. Sina ugomvi na jambo hilo. Nililieleza upya kwa wazee wenzangu waliokuwa wamekaa nje, kwa kirefu zaidi.

Palihitajika mgonjwa wa mazoezi, nikachaguliwa mimi. Sababu ni mbili. Nina muda, na nina kikohozi cha vumbi la chaki ambacho hakihitaji kufundishwa. Bwana Lukelo alichanganya ile dawa ya zambarau tunayoiita jivii na mafuta ya mgando, akanipaka viganja vyote viwili. Akasema, "Mzee, hivi ndivyo virusi. Vitakapofika, tutaviona." Mafuta yale hayakauki, na kila asubuhi hadi jana nilipakwa upya ili nisipone kabla ya semina kwisha. Kisha akaniambia maneno ambayo naomba uyapigie mstari: "Wewe fanya kama ambavyo ungefanya ukiugua kweli."

Nimefanya hivyo. Yote yaliyotokea baadaye ni matokeo ya mzee kutii maagizo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu salamu. Jumanne asubuhi nililazwa kwenye benchi, nikafunikwa blanketi, na wataalamu wakaingia mmoja mmoja kunipokea. Tisa kati yao walifanya kama watu waliolelewa. Walinipa mkono, wengine mikono miwili, na mama mmoja wa makamo alipiga goti. Wa kumi alikuwa Dativa, muuguzi wa hapa hapa kwetu, ambaye nilimfundisha tangu darasa la tatu hadi la tano. Alisimama karibu na mlango, mita mbili kutoka kwangu, amevaa glavu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikanyoosha mkono. Akautazama. Akasema, "Mkono wako utabaki nao leo, Mwalimu. Samahani."

Sikuitikia. Nieleze kwa nini, maana jambo hili vijana hawalielewi. Marahaba haitupwi kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Hutolewa kwa mtu unayemwona uso na kumshika mkono. Shikamoo iliyopita kwenye kitambaa, ikavuka mita mbili za hewa, imechoka kabla ya kufika. Tangu siku hiyo Dativa hupita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi na kuniamkia, na kila asubuhi mimi hutazama mpunga wangu ulioanikwa.

2. Kuhusu maswali. Huyu binti alikuwa na karatasi. Aliniuliza nakohoa tangu lini, nalala chumba kimoja na nani, na kama nimeshika kuku waliokufa. Ndugu Mratibu, aliniuliza habari za kuku wangu kabla ya kuniuliza habari za nyumbani! Huku kwetu mtu huanza na nyumbani, akaenda kwa watoto, akapita shambani, na ugonjwa hujitokeza wenyewe njiani bila kuitwa. Nilikataa kujibu. Yeye hakukasirika. Alitazama saa yake na kuanza kunihesabu pumzi, akiangalia blanketi linavyopanda na kushuka.

Ili kumfunza adabu, nilibana pumzi.

Hapo akasema kwa sauti, "Mgonjwa amezidiwa!" Akafungua madirisha yote, akaniinua kichwa kwa mito miwili, na akamwambia Bwana Lukelo kwamba kwa kuwa zahanati haina mtungi wa oksijeni, mgonjwa alazwe ameinuka, apewe maji kidogo kidogo, asiachwe peke yake, na gari liitwe. Nakiri mito ilikuwa imekaa vizuri. Lakini alifanya haya yote bila kuniuliza habari ya mpunga.

3. Kuhusu kufungiwa. Niliwekwa chumba cha nyuma, kile cha kuhifadhia mizani ya watoto. Mke wangu, Marsiana, alikuja na uji, na wali na kambale kwenye bakuli lenye kifuniko, kama anavyopaswa mke wa mgonjwa. Nyuma yake walikuja watu kumi na wanne kuniona. Dativa akasema mgonjwa wa homa hii anahudumiwa na ndugu mmoja tu, tena aliyefunika mdomo. Wengine wasalimie dirishani kisha waende zao. Uji ulinifikia umepoa, kwa sababu Marsiana alifundishwa kwanza kufunga kitambaa na kunawa mikono kwa sabuni, mara mbili, mama mwenye umri ule.

Jirani yangu Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe upande wa pili wa mfereji, alikuwa ametembea na kibuyu cha maziwa ya mgando. Dativa aliyapokea maziwa na kumwacha Masanja nje. Naomba ofisi yako inieleze ni sayansi gani inayomruhusu ng'ombe kuingia kwa mgonjwa na kumzuia mwenye ng'ombe. Masanja alichungulia akaniuliza, "Mwalimu, umeugua au umefungwa?" Wote wakacheka.

Kwa hiyo nilitoka kupitia dirishani. Imeandikwa kwenye taarifa ya semina kwamba "mgonjwa alitoroka". Si kweli. Mtu anayetoroka hukimbia, na mimi nilikwama kiunoni kwa muda wa kutosha kila mtu kuona kwamba sina haraka. Marsiana alisema, "Mzee mzima, rudi ndani, utaning'inia hapo mpaka jioni." Masanja akanivuta kwa mikono. Kumbuka maagizo: nilitakiwa kufanya kama ambavyo ningefanya ningekuwa naugua kweli. Mgonjwa wa kweli akizuiliwa watu wake, huwafuata.

4. Kuhusu lawama za vifo. Hapa ndipo nilipoonewa zaidi. Bwana Lukelo alikuwa na ubao, na kila aliyeonekana na zambarau mkononi aliwekewa msalaba kwa chaki. Kufikia saa nne Jumanne, wale tisa wenye adabu walikuwa wamekwisha kufa wote. Niliwaona marehemu hao wakinywa chai na maandazi, na hata birika likawa na alama.

Baada ya kutoka dirishani niliwasalimia watu niliokutana nao tu, wala sikumtafuta mtu. Niliwasalimia waliokuwa foleni kwenye mashine ya kukoboa, nikampa mwenyekiti wa kijiji pole ya msiba wa shangazi yake, nikamsaidia Masanja kufunga nira ya maksai wake. Jumatano zambarau ilikuwa kwenye pembe za maksai, kwenye kamba ya kengele ya kanisa, na kwenye shavu la mwenyekiti, ambaye ana tabia ya kuegemeza shavu akifikiri. Jumatano hiyo hiyo ilionekana Mngeta kwenye mlango wa lori la mpunga. Jana dereva wa lori lile alirudi akasema ameiona kwenye kamba ya kivuko, na kwamba ng'ambo, huko Malinyi, kuna muuza samaki anayewauliza wateja wake ni nani aliyeshika kikapu chake.

Ubao ulifikisha misalaba mia moja arobaini na mitatu. Wa mwisho alikuwa Bwana Lukelo mwenyewe. Alinipa mkono wa kuagana, akageuka kuchukua chaki, akakiona kiganja chake. Akajiandikia msalaba. "Mwalimu," akasema, "umetumaliza."

Sasa tufikiri pamoja, taratibu. Zambarau ilienda pale tu nilipokuwa na watu. Mzee asiye na jirani, asiyefariji wafiwa, asiyesaidiwa wala kusaidia, angeua mtu mmoja au wawili. Mimi nimefika Malinyi. Ile misalaba inapaswa kusomwa kama ushahidi wa utu wangu, na ninashangaa kwamba imetundikwa ukutani chini ya jina langu, na neno CHANZO.

5. Kuhusu cheti. Katika kumi, aliyefaulu ni Dativa peke yake. Mikono yake ilikaguliwa ikakutwa safi. Wengine tisa wataambiwa warudie. Mtu aliyekataa kumshika mzee mkono amepewa cheti, na mama aliyepiga goti amepewa msalaba. Ikiwa hivi ndivyo tunavyojiandaa, basi janga litakapokuja litakuta tumekwisha haribikiwa.

Kwa hayo, naomba ofisi yako ifanye mambo matatu. Cheti cha Dativa kizuiwe mpaka aketi mbele ya wazee watano afundishwe kusalimia. Pili, wale tisa wafufuliwe rasmi, kwa barua yenye mhuri. Tatu, na hili ndilo kubwa, ahamishwe. Nasikia mnafikiria mtu mmoja wa kwenda kufundisha zahanati nyingine. Mchukueni huyo, na msimrudishe. Mkaza mwanangu Balbina ni mjamzito, siku zake zimekaribia, na huyu atakuwa mjukuu wangu wa kwanza. Nataka apokewe duniani na mtu anayejua kwamba binadamu huanza kwa kushikana mikono. Barua hii itafika kwako na basi la kesho, na nimemwambia mwenyekiti aandike yake kuniunga mkono. Amekubali, shavu lake litakapotakata.

Nisalimie makarani wote, mlinzi wa getini, na yule mama anayewapikia chai, ambaye nadhani ndiye pekee hapo mwenye muda wa kumwuliza mtu habari za nyumbani. Marsiana naye anawasalimu. Yeye haungi mkono barua hii lakini ameniazima kalamu.

Nabaki mgonjwa wako mtiifu,

Mwl. Kassian Ligazio

Nyongeza, Jumamosi jioni:

Basi la leo lilikwama kwenye tope, na barua ikabaki mezani. Ningependa kuongeza jambo dogo.

Leo saa nne asubuhi Balbina alishikwa na uchungu. Nilisema aitwe mmoja wa wale tisa, na yule mama aliyepiga goti bado yuko hapa kijijini kwa dada yake. Marsiana alinitazama viganja, akatoka, akarudi na Dativa.

Saa nane mchana mtoto alilia. Ni wa kike. Ni mdogo sana wa mwili, ingawa miezi tisa ilitimia. Alipumua kwa shida mwanzoni, na Dativa alikaa naye muda mrefu akimhesabu pumzi, kama alivyonihesabu mimi, isipokuwa huyu hakuwa anabana. Sasa anapumua vizuri. Nilikuwa nje ya mlango na nilihesabu pia.

Nyumba ilijaa watu. Nilipotazama, komeo la mlango lilikuwa la zambarau, ndoo ilikuwa ya zambarau, na Masanja, aliyeleta maziwa, alikuwa nayo hadi kwenye kiwiko. Niliingia nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili nimpokee mjukuu wangu. Dativa akasimama mlangoni mwa chumba, akainua mikono yake juu, mbele kisha nyuma, kama nilivyokuwa nikiwakagua wanafunzi mikono mstarini kila asubuhi, miaka thelathini na mmoja, na kuwarudisha nyumbani wenye kucha chafu. Haikuwa na doa. Nyuma yake, kwenye khanga, mtoto naye hakuwa na doa. Katika kijiji kizima sikuona kingine kilicho safi.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Hapo hapo ulipo."

Nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo.

"Marahaba," nikasema. Kulikuwa na mita mbili, na alikuwa na kitambaa, lakini niliona macho yake, na kumbe ilifika.

Kwa hiyo, Ndugu Mratibu, naomba malalamiko namba 1 hadi 5 uyahesabu kuwa hayajaandikwa, isipokuwa uji, ambao kweli ulikuwa umepoa. Dativa asihamishwe. Wale tisa warudie mafunzo hapa hapa, na mgonjwa nitakuwa mimi. Safari hii nitabaki chumbani.

Alama ya zambarau kwenye kona ya ukurasa wa kwanza si mhuri. Ukimaliza kusoma, nawa kabla ya kumpa karani wako mkono.

K.L.