Mita Moja na Nusu Kutoka kwa Mama Mkwe

Jumatano, 20 Oktoba 2021

Kafyu imeondolewa! Imetangazwa redioni leo, sikukuu ya Mashujaa, nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Chai yote chini. Nimemshukuru Mungu, nikaishukuru redio, nikamshukuru hata paka aliyeilamba chai. Tangu corona iingie, harusi hakuna, na mpiga picha bila harusi ni kinyozi katika kijiji cha vipara.

Bonareri, mke wangu, hakushukuru. Amesema kafyu iwepo isiwepo, kamera yangu haijaleta hata sukari nyumbani. Okeyo, mpiga picha mwenzangu, yuko tayari kuinunua, na kwa bei yake tutapata mtamba mzuri, tukame maziwa mwakani. Nimeomba nafasi ya mwisho. Amenipa. Moja tu, amesema. Akarudia: moja. Mke mwema sana huyu. Angeweza kukataa.

Ijumaa, 22 Oktoba

Nimepata wazo! Limenijia nikinyoa ndevu, nikajikata, nikalishukuru hata jeraha.

Watu wamefungiwa majumbani mpaka wamechoka kutazama kuta. Sasa wanataka kutazama milima. Milima ninayo, hapa Marani tumejaliwa milima tupu. Basi: Ziara Binafsi za Picha, Kisii na Nyamira. Msafiri mmoja, kiongozi mmoja, hakuna msongamano, hakuna kukoholeana. Mkurugenzi ni mimi. Dereva ni mimi. Idara ya malalamiko nimeifunga kwa sasa.

Tangazo la Facebook linataka picha kali. Picha kali ninayo moja maishani: mama anachuma chai Ikonge asubuhi ya ukungu, kikapu mgongoni, anacheka peke yake. Tatizo dogo. Yule mama ni mama mkwe wangu.

Jina lake silitaji, hata humu. Ndiyo chinsoni, heshima yetu sisi Wagusii. Mkwe hampi mkono mama mkwe, hakai karibu naye, hamwiti jina. Serikali iliposema tukae mita moja na nusu, nchi nzima ililalamika. Mimi nilifurahi! Kwa mara ya kwanza namna yangu ya kumsalimu mama mkwe ikawa sheria ya Kenya. Ile picha niliipiga kwa lenzi ndefu, nikiwa nyuma ya mgomba. Lenzi haimgusi mtu.

Nimeibandika. Bonareri sijamwambia. Nitamwambia siku akiwa na furaha.

Jumapili, 24 Oktoba

Okeyo! Huyu ndugu ana studio ya picha za pasipoti mjini Kisii. Alitoka kule ziwani, na kila tukikutana ananieleza jinsi mwanga wa kwao ulivyo bora kuliko wetu. Leo ameandika chini ya tangazo langu, mbele ya watu wote: hongera sana bwana Nyamweya, lakini huyu si mama mkwe wako?

Bonareri amesoma. Akaniuliza swali moja tu: Mama anajua? Nikasema Mama atafurahi sana. Akasema hilo si jibu la swali lake.

Lakini tazama mambo ya Mungu! Watu walikimbilia kusoma ugomvi wangu na Okeyo, picha ikasambaa, ikafika Mombasa. Mzee Twalib ameniandikia. Amestaafu kazi ya bandarini. Alinunua kamera muda mfupi kabla ya corona, na tangu hapo amepiga picha za tangi lake la maji tu. Anakuja Alhamisi. Milima hana haja nayo. Anamtaka yule mama, katika ile chai.

Asante Okeyo, adui yangu.

Jumanne, 26 Oktoba

Nimewaza mpaka kichwa kimeuma. Nimpelekeje mgeni kwa mtu ambaye mimi mwenyewe sipaswi kumkaribia? Na mama mkwe haongei Kiswahili, ni Ekegusii tu.

Dawa imepatikana. Kati ya njia na shamba lake kuna mtaro. Mgeni atavuka, mimi nitabaki ng'ambo nikitafsiri kwa kupaza sauti.

Bonareri amempigia mama yake simu. Mama amekubali, kwa masharti: mgeni ale kwanza, na mimi nisiuvuke mtaro. Bonareri ameongeza lake. Nikivunja chinsoni wazee wataketi, nitatoa mbuzi, na baada ya mbuzi kamera inaenda kwa Okeyo siku hiyo hiyo. Nimemshukuru kwa kunifafanulia. Ni wake wachache wanaofafanua.

Alhamisi, 28 Oktoba

Naandika nikiwa nimejifunga shuka. Suruali iko kwenye kamba.

Mzee Twalib alifika. Kofia nyeupe iliyodariziwa, Kiswahili kitamu mpaka nikaona aibu kufungua mdomo. Nikimwambia "picha mzuri", ananirekebisha kwa upole, na mimi nashukuru. Tukafika Ikonge. Akala ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, akauliza kama kuna zaidi. Bonareri alikuwepo, akacheka. Nikaiona kamera yangu imepona.

Tukateremka shambani. Mgeni akavuka mtaro, mimi nikabaki. Akasema mwambie mama ainue uso. Nikapaza sauti. Mama akajibu akitazama upande mwingine, kama inavyotakiwa. Mambo yalikwenda vizuri kabisa, tatizo ni kwamba Mzee Twalib ana moyo mwema.

Alitutazama. Mimi ng'ambo hii napayuka. Mama ng'ambo ile kanipa kisogo. Akashusha kamera. Kumbe mtaani kwake yeye ndiye mpatanishi wa familia! Akavuka kurudi kwangu, akanishika mkono, akasema mwanangu, mkwe ni mzazi, nami siwezi kupiga picha mahali penye uhasama. Nikamweleza kwamba hatujagombana, tunaheshimiana. Akasema wote husema hivyo. Kwao Mombasa mkwe humbusu mama mkwe mkono, na mambo yakaisha.

Kumbusu! Mzee ana miaka yake, lakini mikono ni ya bandarini. Akanivuta mpaka ukingoni mwa mtaro. Mama alipoelewa kinachokuja akarudi nyuma akipiga kelele: Yaya! Yaya! Kwetu maana yake ni hapana, hapana. Mzee Twalib akasimama kidogo, akaniuliza huyo yaya yuko wapi, na mtoto mwenyewe yuko wapi. Nikaona upenyo. Nikajichomoa, nikageuka kukimbia, mguu ukateleza ukingoni.

Mtaro sikuuona. Niseme ukweli, niliuona nikiwa tayari hewani.

Nikazama mpaka kiunoni, matope ya mvua ya wiki nzima. Kamera nimeinyanyua juu kwa mikono miwili. Kila nikijaribu kutoka, nateleza. Bonareri kashika kichwa. Mzee Twalib yuko upande wa pili anapiga picha, Mungu ambariki. Mwenye akili mahali pale alikuwa mmoja. Mama mkwe alichukua ule ufito mrefu ambao wachumaji huulaza juu ya michai ili wachume kwa usawa. Akageuza uso pembeni. Akaninyooshea ncha. Nikashika yangu, yeye yake, katikati ufito mtupu. Akavuta. Mama ana nguvu! Nikatoka kama muhogo.

Halafu akasema neno, la kwanza kunielekea mimi tangu nioe: mpiga picha gani haoni shimo? Akacheka. Tukacheka wote. Nililia kidogo pia, nitasema ni matope. Angeweza kuniacha mle nikingoja shemeji zangu warudi kutoka sokoni.

Ijumaa, 29 Oktoba

Mzee Twalib ametuma ile picha. Mama na mimi, ufito katikati, nyuso zote mbili zimegeukia pembeni kwa adabu. Anasema ameshaelewa chinsoni, anaomba radhi, na hii ndiyo picha bora aliyowahi kupiga. Marafiki zake wanauliza lini nao watakuja. Bonareri ameitazama muda mrefu, kisha ameifuta kamera yangu matope kwa kitambaa chake cha kichwa. Kwa mkono wake mwenyewe!

Okeyo ameandika: mwanga ni mzuri. Nimemwombea.

Jumapili, 31 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Shemeji amefika kutoka Ikonge akiswaga mtamba. Mweusi, madoa meupe, macho ya upole. Zawadi ya mama mkwe! Ujumbe wake: mwanamume anayekubali kuzama mtaroni kuliko kuvunja heshima, binti yangu hakukosea kumchukua. Na kamera asiiuze.

Sikumwambia shemeji kwamba niliteleza. Nilimfunga mtamba zizini kwa mikono yangu. Huyu mama sijawahi kumpa mkono, wala sitampa, lakini leo amenishika moyo. Bonareri alilia, akampa mtamba jina: Asante. Nimelala nikiwa tajiri. Kamera ninayo, ng'ombe ninaye, mke anatabasamu. Mtu aombe nini tena?

Jumanne, 2 Novemba

Droni!

Okeyo anayo. Inaruka, inapiga picha kutoka juu. Tangu ilipogonga mnara wa kanisa huvutwa kidogo upande wa kushoto, kasoro ndogo. Fedha sina, lakini Okeyo ni mwungwana, amekubali tubadilishane. Ameondoka na Asante asubuhi hii. Bonareri alikuwa ameenda soko la Magwagwa, sikutaka kumsumbua.

Mpango huu hauna shimo. Wageni wa Mombasa watakaa njiani, chai mkononi, nami nitamfuata mama mkwe shambani kutoka angani, karibu nitakavyo. Nimepekua kichwa chote. Chinsoni haijasema lolote kuhusu angani.

Bonareri amerudi sasa hivi. Amepitia zizini. Ananiita, jina la ubatizo, la babu na la baba, na sauti inafika mpaka sokoni Marani. Kumbe habari zimeshamfikia. Ngoja nitoke nikapokee shukrani zangu.