Jemutai na Mashine Iliyohesabu Mlolongo

Sogezeni viti, enyi mnaokamua kabla jua halijatoka, nanyi mnaopeleka mitungi ya maziwa Eldoret kwa baiskeli! Nyamazisheni redio, nisimulie vita vilivyopiganwa kwenye josho la kuogeshea ng'ombe la ushirika wetu, kando ya barabara ya Kaptagat, enzi zile chama kilipokuwa kimoja, kura zikapigwa kwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea, na makofi yakawa ya lazima.

Shujaa wetu ni Jemutai binti Kipyego, mwalimu wa fizikia, mshika chuma cha moto, mfuga umeme. Alipokuwa chuoni aliunda kisanduku cha kuhesabu ng'ombe: taa upande mmoja wa kipito chembamba cha josho, jicho la kioo upande wa pili, na kila mnyama aliyekatiza mwanga aliongeza moja kwenye kompyuta ndogo ya vibonye vya mpira, ambayo mhandisi mmoja mzungu alimwachia aliporudi kwao. Kisha miaka ikapita, kisanduku na kompyuta vikalala ghalani nyuma ya magunia ya mahindi, na panya wakatawala humo bila mpinzani.

Ndipo akamjia Mzee Kipkemboi, mwenyekiti wa ushirika tangu josho lichimbwe.

"Mwalimu," alisema, "mwaka huu nashindana na Nanzala, mama wa ng'ombe watatu na maswali mengi. Nataka wananchi wauone ushindi wangu kwa televisheni. Hayo ndiyo maendeleo. Iamshe ile mashine yako."

"Imezeeka, Mzee. Za siku hizi hazifanani nayo hata kidogo."

"Mimi pia nimezeeka na bado nafanya kazi."

"Na itahesabu vile watu walivyo."

"Watu ni wangu," akasema Mzee, akaenda zake.

Jemutai akaingia vitani. Aliwafurusha panya, akakwangua kutu iliyojichimbia kwenye nyaya kama jeshi katika mahandaki, akayeyusha risasi ya kulehemu na kuunganisha upya kila kilichokatika. Kaseti yenye programu ilikuwa imejisokota. Akaikunjua polepole na kuirudisha kwa kalamu ya biki. Alipoicheza kwenye redio kaseti, ikapiga mayowe ya kutisha, kuku wakatawanyika, na kompyuta ikakataa. Akairudia. Ikakataa tena. Akasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, akabonyeza huku amezuia pumzi, na kwenye televisheni yake ya rangi nyeusi na nyeupe ikatokea sifuri nene, nzuri, isiyotetemeka. Mwalimu akaketi juu ya gunia akacheka peke yake.

Siku ya uchaguzi, televisheni ikawekwa dirishani pa ofisi ya josho, mwishoni mwa kipito. Waliompangia foleni Mzee Kipkemboi wakapita kwanza: arobaini na watatu. Jemutai akairudisha mashine kwenye sifuri. Wakafuata wa Nanzala, wakapita, wakapita, hata jicho la kioo likapata joto: mia moja themanini na saba.

Afisa wa ushirika akakohoa. "Kwa wingi mkubwa, Mzee Kipkemboi amechaguliwa tena. Pigeni makofi."

Makofi yakapigwa, kwa mazoea. Macho yote yalikuwa dirishani.

"Mwalimu," afisa akasema kwa sauti ya chini, "hiyo mashine yako inaunga mkono nani?"

"Inahesabu ng'ombe, bwana afisa."

"Na hawa si ng'ombe. Kwa hivyo imekosea. Izime."

Jemutai aliwajua walimu waliohamishiwa mbali kwa kucheka wakati usiofaa. Hata hivyo akaitia mikono yake ndani ya mifuko ya sweta.

"Ikizimwa inasahau kila kitu," akajibu. "Swichi ndiyo hiyo. Mimi sitaigusa."

Afisa akazitazama nyaya zilizo wazi, zilizofungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akamtazama askari wake. Askari akatazama mawingu.

Basi watu wakataka kujionea. Wakaingia kipitoni mmoja mmoja, kwa adabu, na kila aliyekatiza mwanga akamwongezea Nanzala kura. Mia mbili ikapita. Wale wa mlolongo mfupi nao wakaja kutazama, wakaongezwa. Idadi ikawapita wanachama wote wa ushirika, nayo ikaendelea kupanda. Nanzala mwenyewe alisimama kando, leso mdomoni, mabega yakimtikisika.

Mwisho Mzee Kipkemboi akachoka kusimama peke yake na ushindi wake. "Kwani wanatazama nini huko?" akauliza, akashika fimbo, akaingia kipitoni, akapita mbele ya jicho la kioo.

Moja ikaongezeka.

Naam, wasikizi wangu! Uenyekiti aliuchukua Mzee, na josho likabaki mikononi mwake. Lakini itangazwe Huruma na Burnt Forest, na wajukuu waimbiwe: katika miaka ile yote ya milolongo, palikuwa na alasiri moja ambapo mwenyekiti mwenyewe alimpigia kura Nanzala, na ikahesabiwa.