Ombi la Kurudishiwa Panya Kumi na Wawili

Kwa Afisa Hifadhi,
Kisiwa cha Motukawa (ofisi ya ng'ambo).

Mheshimiwa Hinewai,

Wewe ni binti wa marehemu dada yangu, na nimekuogesha kwenye beseni, lakini leo nakuandikia kama raia.

Miaka miwili iliyopita ulimnasa panya wa mwisho kisiwani, wa kundi lile lililokuwa likimaliza mayai na vifaranga vya ndege. Tulipiga makofi, nami nikaoka keki. Hukutuambia nani angehamia baada yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Pengwini. Mke na mume wamehamia chini ya sakafu ya sebule bila kupiga hodi. Jioni wakirudi kutoka baharini husalimiana kwa sauti ya punda anayekabwa. Jumapili Mchungaji Tuhiwai alikuwa akituombea kabla ya chakula. Walipoanza, alikatisha sala, akaniuliza kwa upole mgonjwa amelazwa chumba gani.

2. Weka. Ndege huyu anaitwa weka, lakini sijamwona akiweka kitu. Kazi yake ni kuondoa. Ameondoa vijiko, ameondoa funguo za ghala, na sasa ameondoa meno ya bandia ya mume wangu Mervyn, aliyokuwa ameyapumzisha kwenye kikombe barazani. Nilimfukuza kwa miguu mpaka kichakani. Nikamkuta na vifaranga wanne, nikarudi mikono mitupu. Mervyn anakula uji wiki ya pili hii. Nilipomwambia tumtegee mwizi wake, alisema, "Mwache, mke wangu, ana watoto." Bila meno ilimchukua muda kuyatamka, lakini aliyatamka.

3. Kaka. Tunawaita kaka, lakini kasuku hawa hawana undugu. Kila plamu ya mti wangu huing'ata mara moja, wakaitupa, wakachukua nyingine. Kwa miaka kumi na mmoja kikombe cha mashindano ya jamu ya plamu kilikaa kabatini kwangu. Mwaka huu kimekwenda kwa Bi. Edna wa ng'ambo, ambaye hana ndege hata mmoja, na jamu yake ni maji ya sukari.

Kwa hiyo naomba unirudishie panya. Sitaki wengi: kumi na wawili, wenye adabu, madume watupu, kwa mkataba wa miezi sita.

Ikishindikana, niandikishe mimi kwenye orodha ya viumbe asilia walio hatarini kutoweka. Sifa ninazo. Ukoo wetu uko hapa tangu mitumbwi ya kwanza, katika ghuba hii tumebaki wawili, na hatuzaliani tena. Nijengewe uzio, na ndege atakayetaka kuingia asafishe miguu kwanza, kama watalii wanavyosafishwa viatu gatini.

Nisalimie mumeo, mama mkwe wako, na yule mbwa wenu wa kunusa panya. Mervyn anakusalimu, ingawa hutamwelewa.

Mama yako mdogo na raia mwenye subira iliyokwisha,
Ngaire Paraone

N.B. Nilipofika gatini kuipeleka barua hii, panya aliruka kutoka kwenye gunia la viazi lililoshushwa na boti ya asubuhi. Nina miaka sabini na mbili na nyonga moja mbovu, lakini nimemkimbiza gati zima, nikampata kwa koleo. Yumo kwenye mfuko ulioambatanishwa, ambao nahodha wa boti amekuja kuuchukua pamoja na barua hii. Sijui kama alikuja peke yake. Mlete mbwa kwa boti ya kwanza, na mitego yote uliyonayo. Mervyn analinda kichaka cha yule weka. Mimi nimekaa mlangoni kwa pengwini, na sitaondoka hapa mpaka ufike.