Maharage ya Kulinda Tanuru

Jumamosi, tarehe 3 Machi 1956

Papa Wenceslas, mwenye nyumba yetu, amekuja asubuhi na kofia yake ya sikukuu. Nikajua hakuna heri! Amesema tuwe tumetoka kufikia tarehe kumi na nane. Mpwa wake anaoa, anataka nyumba. Amesema hivyo kwa mdomo tu, akala mkate wetu mmoja, akaenda zake.

Marie-Louise, mke wangu, amekaa kando ya tanuru lake akilia. Tanuru hilo tulilijenga wenyewe kwa mawe ya volkano, halihamishiki. Bila tanuru hakuna mikate, na mikate ndiyo inayotulisha. Imeniuma sana kumwona hivyo.

Amenisihi niende kwa Muzee Onésime, karani wa zamani wa tribinali, yaani mahakama. Siku hizi anakaa kwenye baraza ya parokia na kuwasaidia wapangaji wanaofukuzwa. Bure! Nimemuuliza mke wangu, mutu mwenye akili anafanya kazi bure? Mimi Théoneste Habarurema nina kichwa changu.

Jumatatu, tarehe 5 Machi

Nimepata dawa! Kwetu Masisi, mutu mwenye mazao shambani hafukuzwi mpaka avune. Basi napanda maharage uani. Yakikaribia kuiva, napanda mengine. Nani atanitoa?

Tatizo: ua wetu wote ni mawe. Jembe limetoa cheche! Nimekwenda Munigi kuchota udongo, vikapu tisa, kwa kichwa changu hiki. Shingo haigeuki. Marie-Louise ameuliza kama nimerogwa. Nimemjibu asubiri. Nimepanda mistari minne, imenyooka vizuri. Nimelala nimeridhika kabisa.

Jumanne, tarehe 6 Machi

Kuku wa jirani wamefukua mistari miwili. Wezi wakubwa!

Papa Wenceslas amepita, ameona udongo, amecheka mpaka kofia imeanguka. Amenishukuru kwa kumletea udongo mzuri kwenye parseli yake, yaani kiwanja chake. Nimemwambia kwa madaha kwamba sitoki, nina mazao. Ameacha kucheka. Jioni nimeletewa karatasi ya kuitwa tribinali siku ya Ijumaa. Eti nimegeuza parseli ya mji kuwa shamba bila ruhusa, kwa hiyo nitoke mara moja, hata tarehe kumi na nane nisingoje!

Marie-Louise hakulia safari hii. Amenitazama tu. Heri angelia.

Jumatano, tarehe 7 Machi

Mke wangu amekwenda kwa Muzee Onésime bila kuniuliza. Nimemfuata, nikajifanya napita njia. Baraza imejaa watu. Muzee amemuuliza kama tulipoingia tuliandikiana kitu. Nimesema hapana. Marie-Louise amesema ndiyo, na ametoa karatasi ya mapatano iliyokuwa ndani ya debe la unga. Miaka minne ameitunza! Mimi niliwahi kutaka kuzibia dirisha kwayo.

Muzee amepukuta unga, amesoma polepole, ametabasamu. Imeandikwa kwamba mwenye nyumba atatoa barua miezi mitatu kabla, na kwamba tanuru limeruhusiwa. Papa Wenceslas ametia sahihi mwenyewe. Marie-Louise amempa muzee mkate, ameukataa. Amesema akipokea mkate leo, kesho asiye na mkate ataogopa kuja. Kisha amenikazia macho: nitoe ule udongo, na tribinalini nijibu nitakaloulizwa tu.

Udongo sijautoa. Maharage mengine yamebaki salama.

Ijumaa, tarehe 9 Machi

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Jaji ameuliza jina langu. Nimetaja jina, kisha nikaendelea! Nimesema anayelima ardhi hang'oki juu yake. Papa Wenceslas ameruka: mmesikia, anataka kuninyang'anya parseli! Jaji amekunja uso. Marie-Louise amejifunika macho kwa kitenge. Hapo nimeogopa kweli.

Muzee Onésime amenivuta koti nikakaa. Ameomba ruhusa, amesoma karatasi maneno machache, amekaa. Jaji amemuuliza Papa Wenceslas barua ya miezi mitatu iko wapi. Haipo. Basi! Tunabaki, na tukitakiwa kutoka tupewe barua na miezi yetu mitatu. Mimi niondoe udongo kabla ya Jumapili jioni.

Nje, Papa Wenceslas amepoa. Muzee amemuuliza taratibu mikate ya arusi itatoka wapi, tanuru likivunjwa. Amefikiri sana. Amesema mpwa wake anaweza kukaa kwenye nyumba yake nyingine, ile ya nyuma, na sisi tubaki. Muzee ameyaandika hayo papo hapo, yakatiwa sahihi. Marie-Louise amecheka huku analia. Hata mimi machozi yamenitoka, nikasingizia vumbi.

Jumapili, tarehe 11 Machi

Tanuru linawaka, nyumba yote inanukia mkate. Moyo mweupe!

Nimewaza sana. Bila maharage, tungeitwa tribinali? Bila tribinali, ile karatasi ingetoka kwenye debe? Kumbe maharage ndiyo yameshinda! Muzee Onésime amesaidia kidogo, sikatai.

Jirani yetu Mukantwari, mjane mwenye watoto watano, ameambiwa jana na mwenye nyumba wake atoke. Alikuwa ameshika njia ya parokia. Nimemzuia. Nimemwambia asimsumbue muzee wa watu, nitamsaidia mimi, tena bure!

Udongo umeondoka uani kwetu kama jaji alivyoamuru. Vikapu vyote tisa viko mlangoni kwa Mukantwari. Kesho asubuhi tunapanda.