Karantini ya Jiwe la Mirihi

Jumatatu, 7 Aprili 1986
Trekta imegonga jiwe katika shamba la mahindi. Jeusi, zito, limeungua upande mmoja. Hakuna mawe ya namna hii hapa Sugoi! Hili limetoka sayari ya Mirihi. Miaka thelathini nimefundisha baiolojia nikingoja kitu kama hiki. Huenda ndani mna vijidudu hai. Nimemweleza mke wangu Sarah, taratibu, kwamba vijidudu elfu moja vikijipanga mstari havifikii upana wa punje ya wimbi. Akauliza kama hivyo elfu vitasaidia kupika Jumamosi, binti yetu Jelagat akiolewa.

Jumanne, 8 Aprili
Kiprotich wa ng'ambo ya barabara amefika kabla ya chai. Mstaafu mwenzangu, mwalimu wa jiografia. Alishika jiwe bila kunawa! Akasema ni chuma cha jembe la mzungu. Papo hapo akaomba alipeleke mjini kwa watu wa gazeti. Chuma cha jembe kiende gazetini kufanya nini? Mwizi! Nikamweleza kwamba hata waliotoka mwezini walifungiwa kwanza, wasije wakaleta vijidudu. Karantini. Akacheka hadi kofia ikaanguka. Eti Mwalimu, siku hizi hata mawe yanaugua?

Jumatano, 9 Aprili
Nimepata dawa yake. Ubao langoni, rangi nyekundu: KARANTINI. USIINGIE. Kiprotich akasoma, akageuka. Ushindi! Nimechunguza jiwe kwa hadubini siku nzima. Nimeona kope zangu.

Alhamisi, 10 Aprili
Lori la maziwa halikusimama. Selpha wa mboga pia amepita mbio. Sarah anataka ubao utoke leo hii. Nimemwahidi, nikishatazama mara moja tu.

Ijumaa, 11 Aprili
Balaa! Wakwe wameleta ng'ombe sita wa mahari, wakakuta ubao. Mfugaji gani hapa asiyejua neno hilo? Ugonjwa wa miguu na midomo! Mzee Kipyego, baba ya bwana harusi, akapaza sauti kutoka barabarani: ng'ombe wake hawakanyagi hapa, na harusi haifanyiki hapa. Kiprotich, kwa huruma ya fisi, akawafungulia boma lake. Kisha akamwita Bwana Murunga, afisa wa mifugo.

Murunga akaja na buti za mpira, akauliza mnyama gani anaumwa. Hakuna, nikamweleza, ni vijidudu ambavyo bado sijaviona, vya kutoka nje. Nje ya wilaya? Mbali zaidi. Nje ya nchi? Mbali zaidi. Akaandika: ugonjwa wa kigeni, haujulikani. Mhuri. Siku ishirini na moja, kwa kila aliyegusa jiwe! Sarah akaapa hajagusa jiwe wala mawazo yangu, akaachiliwa. Kiprotich akatia mikono mfukoni.

Jumamosi, 12 Aprili
Harusi imefanyika kwa Kiprotich. Yeye ndiye aliyemkabidhi binti yangu! Nimetazama kutoka uani. Jelagat alikuja na gauni lake hadi kwenye seng'enge, macho yamejaa machozi, akaomba baraka za baba. Nilianza kwa kumweleza kwa nini seng'enge haizuii vijidudu. Maelezo yalikwenda vizuri sana. Alisubiri. Mpiga picha akaita, akaita tena. Kwenye baraka nilikuwa bado sijafika.

Ijumaa, 2 Mei
Murunga ameleta barua ya kunifungua. Nyuma yake Sarah, Jelagat na mumewe, na kikapu cha chapati. Wamekuja kwa ajili ya zile baraka, na Sarah ameniomba ziwe fupi. Siku njema! Lakini alfajiri ya leo jiwe limeota ukungu wa kijani! Ni pale nilipomwagia chai, ila hilo ni jambo dogo. Nimemsihi Murunga aniongezee wiki tatu. Jelagat nimemwomba arudi nyuma hatua kumi, na sasa namweleza sababu, taratibu, kupitia lango.