Pikipiki ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mdomo umeniponza tena. Mama mkwe anahamia kwa shemeji, stoo lazima iwe tupu. Pikipiki ya marehemu mumewe imelala humo miaka kumi na tisa. Shemeji kasema aitwe fundi, ikishindikana, Jumamosi ibebwe na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama akainamia sahani yake. Alipanda nyuma ya pikipiki ile tangu akiwa bibi harusi. Nikajipiga kifua mbele ya wote. Fundi wa nini? Nimekua na injini mimi! Uongo mtupu. Nimekua na baiskeli, tena ya kaka. Mama kanishika mkono, kaniita mwanangu. Nimeisukuma pikipiki mpaka kwangu, mtaa mzima ukitazama.

Jumanne, 4 Machi
Panya wamezaa ndani ya kiti. Nimewahamisha kwa heshima zote. Petroli ya zamani nimeinyonya kwa mpira, nikaimwaga kwenye beseni. Kumbe beseni lina sare ya mke wangu, muuguzi. Ameifua mara tatu, bado wagonjwa wameuliza kama wodini kuna jenereta. Nimemwambia ni sabuni mpya.

Jumatano, 5 Machi
Nimeweka petroli mpya, oili mpya, plagi mpya. Kimya. Nimefungua kabureta nikaipeleka kwa fundi, ndani ya mfuko wa mkate, shemeji asije akaniona. Nikadai ni ya rafiki. Fundi kaisafisha vizuri, kanirudishia, akataka kunieleza cha kuangalia kabla ya kupiga kiki. Nikamkatiza. Nikasema najua. Akanitazama kidogo, akaendelea na kazi zake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepiga kiki siku mbili. Goti limevimba, injini haijaguna hata mara moja. Jioni mama kapiga simu. Anaomba asikie mlio, hata kidogo tu, maana kesho anakuja mnunuzi na hana raha. Wakati huohuo jirani anawasha pikipiki yake uani. Mkono wangu ukaipeleka simu dirishani wenyewe, sikuutuma. Mama akasikiliza. Kisha akashukuru. Nimekata simu, nimekaa sakafuni. Nimemdanganya mjane kwa pikipiki ya watu.

Jumamosi, 8 Machi
Kuumbuka. Shemeji kaja na mama, mnunuzi yuko getini na mkokoteni. Nikapiga kiki, nikapiga, jasho tupu. Shemeji akauliza imekuwaje, na jana ilinguruma. Nikasema imechoka na mazoezi. Mama akasogea. Akainama, akapitisha mkono chini ya tangi, akazungusha koki ndogo ya mafuta. Akasema mumewe hakuwahi kuilaza pikipiki bila kufunga koki, kwa hiyo baada ya mazishi yeye mama aliifunga mwenyewe.

Siku zote hizi! Tangi limejaa, koki imefungwa, na mimi nahesabu plagi.

Akangoja kidogo mafuta yashuke, akapandisha gauni, akapiga kiki. Ya tatu, ikakohoa. Moshi, kikohozi, kikohozi tena, kisha ikashika. Mama akalia amekumbatia tangi. Mnunuzi akageuza mkokoteni wake. Halafu mama akanivuta karibu na kuninong'oneza kwamba mlio wa jana haukuwa na kikohozi. Shemeji akadhani napewa baraka. Sijawahi kuona aibu namna hii. Nimeosha mikono mara nne, kama vile uchafu uko huko.

Jumapili, 9 Machi
Nilikusudia kumwambia mke wangu ukweli wote. Akaniwahi. Akauliza mbona mama kajiwashia mwenyewe wakati mimi fundi nilikuwepo. Nikasikia mdomo wangu ukisema nilimwachia koki makusudi, ili furaha iwe yake. Mke wangu akatokwa na machozi. Akampigia mama papo hapo, akaweka sauti ya juu, akamsimulia wema wangu. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ndiyo, mkwe wake ana moyo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akaomba kuzungumza na mimi. Akasema, taratibu kabisa, kwamba cherehani yake imekwama, na kama sijui cherehani niseme tu sijui, hakuna atakayenicheka. Alirudia mara mbili: sema tu, mwanangu.

Nimemwambia aniletee kesho asubuhi, mchana atakuwa anashona.