Alama za Mama

Jumatatu, 3 Machi
Muuguzi wa kliniki kaleta kishikwambi chenye michezo ya kumbukumbu. Mama acheze kila asubuhi, hapa hapa nyumbani. Alama zinamfikia muuguzi zenyewe. Dada kaninong'oneza jikoni kwamba zikiporomoka, anamhamishia Mama kwake. Nyumba hii bila Mama? Sikubali. Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi
Mama yuko bafuni, nimecheza kwa niaba yake. Kadi zimefunikwa, unafunua mbili, unatafuta zinazofanana. Kazi ya watoto. Picha ya saa iko wapi? Nilikuwa nayo sasa hivi. Jasho jembamba. Hata hivyo, nadhani nimemwokoa.

Alhamisi, 6 Machi
Muuguzi kapiga simu kwa sauti ya msibani. Kauliza kama Mama ameanguka, maana Jumanne uwezo wake umeshuka ghafla. Nikasingizia mtandao. Dada ameshamtandikia Mama kitanda kwake.

Ijumaa, 7 Machi
Sina ujanja, leo kacheza mwenyewe. Kwanza aliniita kaka, akaniuliza kama wifi yake hajambo. Sijaoa. Kisha akakipakata kishikwambi, kidole kimoja, taratibu. Kasema hizi si kadi, ni milango ya ile nyumba ya kupanga alikokulia. Saa iko kwa mwalimu. Ya pili iko kwa mjane wa chumba cha mwisho, kaazima na hajarudisha. Mwavuli uko kwa seremala. Anabisha hodi, anafungua, anawasalimu watu waliokwishazikwa, na hakosei mlango. Nimesimama na sahani mkononi, nimesahau kuipangusa. Mtu asiyekumbuka kama amekunywa chai, kabeba nyumba nzima ya watu kichwani, na wote wazima. Nilipomsifu akanishangaa: kaka wee, jirani utamsahauje?

Jumatatu, 10 Machi
Muuguzi kaja, na dada kaja na sanduku la kubebea nguo za Mama. Sanduku limerudi tupu. Alama zinapanda, Mama habanduki hapa. Ila muuguzi kaniuliza, kwa upole wa kutisha, nani alicheza Jumanne. Nikakiri. Hakunigombeza. Kanikabidhi kishikwambi changu mwenyewe, na miadi ya kupimwa kumbukumbu. Dada kacheka hadi kaketi chini.

Jumanne, 11 Machi
Kishikwambi changu nimempelekea Mama pamoja na chai. Nimemwambia kuna wapangaji wapya upande wa pili, hawajui mtu. Kaweka kikombe chini, kajitengeneza kanga, kaenda kuwabishia hodi kwa kidole kimoja. Muuguzi akiziona alama zangu atanyamaza mwenyewe.